Vidonge vya Jirani Muuza Halwa

Jirani yangu muuza halwa wa Mlandege alikuwa mnene kama mimi. Tangu daktari ampe vidonge vya kupunguza mwili, vya tezi ya shingo ya kondoo, amekonda, kanzu inampepea, na kina mama husimama kumsifu. Roho inaniuma. Hukoroga sufuria upesi upesi, jasho likimtiririka kabla moto haujashika. Jana akimfungia Bi Ruqaya kikanda cha ukili chenye halwa, vidole vilimtetemeka, kamba ikamponyoka mara mbili.

“Una homa, bwana?”

“Sina, Bi Ruqaya. Moyo tu unakwenda mbio.”

Bi Ruqaya alipoondoka, jirani akaushika mkono wangu akauweka kifuani pake. Moyo ulikuwa ukiruka.

“Silali, mwenzangu. Na halwa nitaifungaje?”

“Basi viache hivyo vidonge,” nikamwambia, “vilivyobaki nipe mimi.”

Akakibana kichupa chake cha vidonge kwapani.