Milango Miwili ya Kushoto

Kila mtu pale gereji alimwita Shangazi, hata wateja waliomzidi umri. Mwenye haki na jina hilo alikuwa mmoja tu, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye sasa ndiye mwenye gereji. Wengine walilidaka tu, likawanata midomoni. Kazi yake ilikuwa kuyavika magari ndani: viti, milango, dari, usukani, kila kitu ambacho abiria hukigusa bila kukifikiria. Alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na tisa. Ukingo wa meza yake ya kukatia ulikuwa umelika pale anapoegemeza kiuno, na fundi rangi alizoea kusema kwamba siku Shangazi akiacha kazi meza nayo itaanguka kwa majonzi.

Zamani alikuwa akicheka. Siku hizi alitabasamu upande mmoja tu wa mdomo, akaendelea kukata.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameanza kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliingia jikoni akitafuta chumba cha kulala, na usiku aliamka mara tatu, mara nne, kuuliza kama mlango umefungwa. Mchana jirani alimtupia jicho, lakini jirani naye ana yake. Kwa hiyo Shangazi aliomba jambo moja: awe anafanya kazi mpaka saa sita mchana, basi. Ashone, afundishe, ila meza ya kukatia aishike mtu mwingine.

"Tukimaliza hili gari, Shangazi yangu," mpwa wake alimjibu, simu begani, akimbembeleza kwa mkono kama anayetuliza mtoto. "Hili tu."

Tangu jibu hilo yalikuwa yamepita magari saba. Kila gari lilikuwa "hili tu." Mpwa hakuwa mtu mbaya. Alimpenda shangazi yake, alimnunulia dawa za mgongo, alimsifu mbele za watu mpaka ikawa aibu. Lakini kukata hakujua, wala hakuwahi kutaka kujua. Na mtu asiyejua kazi hujiaminisha kwamba anayeijua hachoki.

La nane lilikuwa gari refu jeusi, la aina ambayo milango yake haibamizwi. Unausukuma kidogo, unajifunga wenyewe kwa heshima. Lilikuwa la mzee mmoja tajiri aliyekataa kununua jipya. Ngozi ya ndani ilikuwa imepasuka kama kisigino, mbao za dashibodi zimepauka, kitambaa cha dari kinaning'inia. Mzee aliagiza ngozi kutoka mbali, mbili nzima, rangi ya asali iliyoiva, akamkabidhi dereva wake pamoja na amri moja: asibanduke hapo gari likiwa limefunguliwa.

Dereva alikuwa mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mbavu. Alikalia kiti cha gari kilichokuwa kimeegemezwa ukutani kama benchi la gereji, akakunja mikono.

"Kaka, utakaa hapo siku zote hizo?" Shangazi alimuuliza siku ya kwanza, akichomoa ubao wa dashibodi. Alikuwa akiuchomoa kwa kipande cha plastiki alichokichonga mwenyewe, kwa sababu bisibisi huacha kovu. Klipu moja ililia tik, ya pili tik.

"Miaka ishirini na mbili nimelikalia mbele, dada. Siku chache za kulikalia pembeni hazitaniua."

"Sasa mbona unafumba macho kila nikivuta?"

"We vuta tu. Mimi sitaki kuona."

Hivyo ndivyo walivyozoeana. Yeye anafungua, dereva anafumba. Paneli za milango zilipotoka, dereva alijikuta akisimulia bila kuombwa: doa hili ni la kahawa ya siku mvua ilipoleta foleni ya muda wa saa nne, hapa marehemu mke wa mzee alikuwa akiegemeza kiwiko, ndiyo maana pamekuwa peusi. Shangazi aliibandua ile ngozi kuukuu polepole, akaikunja, akaiweka pembeni badala ya kuitupa kwenye pipa.

Siku ya nne aliamka akiwa hajalala. Mama alikuwa ameuliza habari ya mlango mara sita.

Kukata ngozi kuna adabu yake. Ngozi hulazwa kifudifudi, uso chini, mgongo wenye manyoyamanyoya juu. Juu yake inawekwa pateni, yaani kadibodi iliyokatwa kwa umbo la mlango, kisha inazungushiwa chaki. Mlango wa kushoto ukishatoka, pateni ileile inageuzwa ili itoe wa kulia. Kila pateni pale gereji ilikuwa na neno USO upande mmoja na MGONGO upande wa pili, kwa amri ya Shangazi mwenyewe. Za kwake tu hazikuwa na neno. Za nini? Mikono inajua.

Alikuwa ameshakata viti vyote na milango ya nyuma. Alikata mlango wa mbele wa kushoto, akageuza pateni, na hapohapo simu ikaita. Alikuwa jirani.

"Usishtuke," jirani alisema, maneno ambayo yanamshtua kila mtu. "Bibi nimemkuta getini, hana viatu. Nimemrudisha. Sasa hivi amekaa, anakula. Ila na mimi leo mchana natoka, nilitaka ujue."

"Asante, jirani. Mungu akuweke. Nitaona nitakavyofanya."

Alibaki kasimama, chaki mkononi, akijiuliza atafanyaje. Kisha akarudi mezani. Akageuza pateni. Akazungusha chaki, akashika mkasi, akakata mkato mrefu usiotetereka, mzuri kama yote aliyowahi kukata.

Ilikuwa desturi yake kuvilaza vipande viwili uso kwa uso kabla ya kushona, vikutane kama viganja vya mtu anayeomba. Akavilaza. Havikukutana. Kona ya juu ya kimoja ilielekea dirishani, ya kingine ikaelekea mlangoni. Akavipanga upya. Akavigeuza. Viganja viwili, vyote vya mkono mmoja.

Pateni alikuwa ameigeuza mara mbili, akakata milango miwili ya kushoto.

Alitandaza mabaki ya ngozi na kuyapima kwa shibiri, ingawa jibu alikuwa nalo. Hakuna kipande kilichotosha mlango. Na ngozi haigeuzwi ikavaliwa ndani nje kama soksi. Mgongo wake ni mgongo tu. Akakaa kwenye stuli. Kilichomwuma hakikuwa ngozi. Alikuwa ameomba kupunguziwa kazi akiwa bado hana doa, na leo doa hilo hapo mezani, rangi ya asali. Akitoka sasa, nani atasema ameomba? Watasema ametolewa. Amezeeka, ameanza kuharibu, mpwa wake akamsitiri.

Akamwita mpwa, akamwonyesha. Mpwa alitazama vipande vile muda mrefu kama mtu anayetazama picha ya hospitali.

"Sioni tatizo. Vinafanana."

"Ndilo tatizo lenyewe, baba. Vinafanana."

Ilimchukua muda. Alipoelewa, alishusha simu begani kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Tunafanyaje?"

"Hiki nilichokosea kinatoa nusu ya chini ya mlango wa kulia. Nusu ya juu itatoka kwenye mabaki. Tunaunga kwa mshono, usawa wa egemeo la mkono. Lakini mlango mmoja hauwezi kuwa na mshono na mwenzake hana. Itabidi hiki kizima nacho kikatwe katikati."

"Ukate kizuri?"

"Kikatwe."

Mpwa alitupa jicho kule dereva alikokaa, akapunguza sauti. "Basi hakuna haja ya kumwambia mtu. Ni fasheni. Magari mapya yote yana mishono. Mzee ataona umempendezeshea."

Jambo lile lingewezekana kabisa, na Shangazi alijua. Mshono wake ungekuwa mzuri kiasi kwamba mzee angemwita mtu wa tatu aje autazame. Mpwa angeendelea kusema mikono yake ni dhahabu, na kesho lingeingia gari la tisa, na la kumi, na yeye angekuwa amesimama palepale, kiuno kwenye bonde la meza, mtu asiyekosea. Mtu asiyekosea haendi nyumbani saa sita.

Alinyanyuka, magoti yakalia, akaenda hadi kwa dereva.

"Kaka, nimeharibu."

Dereva alifumba macho kwa mazoea, kisha akayafumbua. "Umeharibu nini?"

Akamweleza. Hakupaka rangi maneno. Alisema alikuwa amechoka, akasema habari ya simu, kisha akaona habari ya simu inafanana na kisingizio, akasema: "Hata bila simu. Mimi nawaambia wengine waandike kwenye pateni. Yangu sikuandika."

Dereva alikuna shavu. "Mimi kuamua siwezi, dada. Ngoja nimpigie mwenyewe." Akapiga, akaeleza kifupi, akasikiliza, akajibu "ndiyo mzee" mara nne, kisha akampa Shangazi simu.

Sauti ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa amejilaza. "Mshono utapita wapi?"

"Usawa wa egemeo la mkono, mzee. Milango yote miwili ya mbele."

"Mke wangu alikuwa akiegemea hapo."

"Dereva ameniambia."

Shangazi alisikia saa ya ukutani ya nyumba ile ikigonga, na mtu akivuta pumzi.

"Utashona wewe mwenyewe?"

"Nitashona mimi."

"Basi shoneni," mzee akasema, akakata simu.

Mpwa, aliyekuwa akisikiliza kwa mbali huku anajifanya anapanga makopo ya gundi, alikuja mbio akicheka kwa nafuu. "Umeona? Nilijua tu! Shangazi wewe huna mpinzani. Haya, kata tumalize."

"Sikati."

"Ati?"

"Kushona nitashona, nimeahidi. Kukata sikati. Mkono wangu una usingizi, na kuna kipande kimoja tu kizima kilichobaki. Utakata wewe."

"Mimi? Shangazi, unanitania. Mimi hata karatasi ya zawadi napinda."

"Ndiyo maana tunaanza leo." Alisukuma chaki mezani mpaka ikafika mkononi mwake. "Kwanza chukua kalamu uandike. Huku uso. Huku mgongo. Andika kubwa, baba, nione bila miwani."

Mpwa alimtazama kama anayesubiri amalize mzaha. Safari hii akamtazama sawasawa: macho mekundu, sweta limevaliwa mshono nje tangu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Akazima simu. Akaandika. Kisha akachora, akafuta, akachora tena, huku ulimi umemtoka pembeni kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Shangazi alikaa kwenye stuli upande wa pili wa meza, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akaona kwamba kutoka huku meza ni ndogo.

Fundi rangi alipita, akasimama na bunduki yake ya kupulizia. "Jamani! Leo bosi ndiye anakata? Dereva, kimbia na gari lako, litatoka na milango mitano!"

"Pita huko," mpwa alisema bila kuinua kichwa. Jasho lilikuwa limemfika kidevuni. "Shangazi, hapa nipite ndani ya chaki au nje?"

"Juu yake. Usiwahi. Mkasi usiufunge mpaka mwisho, utaacha jino kwenye ukingo."

Alikata. Ilimchukua karibu saa nzima kwa mikato miwili, na pembe moja ilikuwa na kitetemeko kidogo ambacho mshono ungekificha. Alipomaliza alikaa chini sakafuni, kabisa, na suruali yake safi.

"Kila siku unafanya hivi?" akauliza.

"Kila siku."

Alikuwa akitazama ule ukingo wa meza uliolika, akaupitishia kidole.

Shangazi alivua aproni. Saa ilikuwa sita na dakika chache. "Nitashona kesho asubuhi, nikiwa nimelala. Kesho utakata dari."

"Kesho..." mpwa alianza, na ilikuwa wazi kwamba neno "hili tu" lilikuwa ulimini. Akalimeza. "Saa mbili nitakuwa hapa. Nenda, Shangazi."

Dereva alimsindikiza hadi kwenye mlango wa bati. "Nisamehe kuuliza. Wamekutoa?"

"Watakaosema hivyo watakuwepo."

"Mimi nilikuwepo," dereva alisema. "Nitasema nilichokiona."

Jua lilikuwa kichwani. Ilikuwa miaka mingi hajaiona barabara ile kwa saa hiyo, na alitembea taratibu kama mgeni, akishangaa ni watu wangapi wasiokuwa kazini. Alimkuta jirani mlangoni, mkoba begani, akiwa ameshakata tamaa ya kutoka. Jirani alimkumbatia, akaondoka kabla Shangazi hajabadili nia.

Mama alikuwa kwenye kochi. Alimtazama mwanawe tangu kichwani hadi miguuni.

"Mbona mapema? Umefukuzwa?"

"Hapana, mama. Nimetoka mwenyewe."

"Mwenyewe," mama alirudia, kama anayepima kitambaa kwa vidole. "Basi kaa."

Akakaa. Alikusudia kukaa kidogo tu, kisha ainuke apike, afue, aulizie dawa. Kichwa kikapata bega la mama, bega jembamba lililonukia sabuni, na nyumba ikaanza kwenda mbali. Alimsikia mama akisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua kabisa alipo, kwamba mlango umefungwa, ameuona, hakuna haja ya kuamka. Kisha akahisi mkono mkongwe ukihangaika na kamba za kiatu chake, ukishindwa, ukianza upya.