Nilimtumia binamu yangu dua za marehemu mama yake mpaka akafika fainali ya tenisi

Wakuu, salaam kutoka Kismayu.

Wanaonijua humu wanajua mimi nikiona samaki wawili nasimulia bahari nzima. Nimesoma shule ya jioni, Mombasa, na cheti changu nimekikunja na kukikunjua kuwaonyesha watu mpaka sasa kinafanana na sambusa.

Leo chumvi mtaikuta juu juu tu. Ndani ni kweli tupu, naapa.

Sisi ni Wabajuni, asili yetu kisiwa cha Kudha. Vita viliwapeleka wazee wetu Mombasa, na huko ndiko tulikozaliwa mimi na binamu yangu Lali. Mama yake, Mwanaesha, ni mama mdogo wangu.

Tenisi ilituingiaje? Lali aliiona kwenye televisheni ya kinyozi, akataka raketi. Mjomba wetu Kombo ni fundi wa mashua. Akachukua kipande cha ubao kilichobaki kazini, akakichonga, akakipiga randa, akampa.

Raketi ile ilikuwa nzito kuliko mlango wa msikiti. Lali akawa anaupigia mpira ukuta wa ghala kila siku akitoka madrasa, mpaka nadhani ghala lile lilisogea kidogo kuelekea Malindi.

Mwalimu mmoja wa sekondari akamwona, akampa raketi ya kweli. Mkono uliozoea ubao wa mashua ukapewa kitu chepesi, acheni! Sevisi inapita, upepo wake unafika baadaye. Akashinda mashindano ya shule, akapata skolashipu ya chuo kikuu Marekani.

Akaondoka. Sisi nasi tukarudi Kismayu. Mimi naendesha bajaji. Mjomba akafungua karakana ya mashua uani, ukuta mmoja na nyumba ya mama mdogo.

Hapa ndipo nilipoingia mimi.

Mama mdogo hakuwa na simu ya kisasa. Kabla ya kila mechi ya Lali ananiita, narekodi dua yake kwenye simu yangu, namtumia mwanawe.

"Mchu wangu," ndivyo alivyoanza kila mara, yaani mtu wangu kwa Kibajuni. "Mngu akupe pumzi na mkono. Mpige huyo mpaka aombe maji. Lakini akiomba, umpe."

Kwa kurekodi alikuwa mkali kuliko watu wa redio. Akikohoa, "Futa." Mjomba akigonga misumari, "Futa, Shee! Mwanangu atasikia nyundo asisikie dua. We Kombo! Msumari huo una haraka gani?"

Mjomba anajibu kutoka upande wa pili, "Na hiyo tenisi ina haraka gani?"

Nilikuwa sifuti. Uvivu tu. Zikajaa kwenye simu.

Hesabu ya tenisi ilimshinda kabisa. "Mtu kapata moja, wanasema kumi na tano? Basi mchezo huu wameutunga watu kama wewe, Shee."

Lali akapanda. Akawa namba moja wa timu ya chuo. Alipohitimu akajitosa kwenye mashindano ya kulipwa, yale ya ngazi ya chini kabisa, ambako asiyejulikana huanzia kwenye mchujo. Ukivuka mchujo na kushinda mechi, unapata pointi zako za kwanza, na jina lako linaingia kwenye orodha ya wachezaji wa dunia. Mara mbili alikwenda, mara mbili akatolewa kwenye mchujo.

Alipojiandaa kwenda mara ya tatu, mama mdogo alikuwa anaumwa kifua. Lali alijua. Kila siku aliulizia kikohozi.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya mchujo, mama mdogo alifariki. Tukamzika kabla ya alasiri.

Hapo sina chumvi.

Sasa sikieni desturi yetu. Mtu aliye peke yake ugenini hapewi habari ya msiba kwa simu. Anatafutwa mtu wa kwao, aende, akae naye, amshike mkono, ndipo amwambie. Tuliyempata ni Mbajuni mmoja wa jimbo jingine kule kule Marekani, na kazini walimpa ruhusa kuanzia Jumatatu ya wiki ya pili. Wazee wakakata shauri asubiriwe. Tukakatazwa kusema neno.

Jioni ile ile Lali akaniandikia: "Kaka, dua ya mama vipi? Kesho nacheza."

Nilikaa na simu kama nimeshika kaa la moto. Halafu nikafungua zile alizozikataa. Nikachagua moja yenye kikohozi kidogo.

Mjomba alikuwa kando yangu. Akasema, "Ni sauti yake. Si uwongo."

Tulitaka sana iwe hivyo. Nikatuma.

Akashinda. Kesho yake akaomba nyingine, nikatuma, akashinda. Akavuka mchujo. Akashinda raundi ya kwanza, pointi za kwanza hizo! Kwenye matanga watu wakanong'onezana habari, wanalia na kutabasamu kwa pamoja. Akiniuliza mama anaendeleaje, naandika, "Amepumzika." Nikajiona mjanja.

Akafika fainali, Jumapili. Rekodi zisizo na kelele zilikuwa zimekwisha. Nikachukua moja ambayo nyundo inasikika nyuma, kwa mbali. Nikaituma.

Fainali ilionyeshwa mtandaoni, saa kumi na moja jioni yetu. Ukoo mzima tumeizunguka simu moja. Lali alicheza kama mtu anayekimbia mvua. Hafuti jasho, hanywi maji, mpira ukifa anataka mwingine. Mtangazaji akamsifu, eti kijana ana njaa ya ushindi. Seti mbili, kwisha.

Hakuinua mikono. Alimpa mwenzake mkono, akabeba begi, akatoka kabla hata hawajaleta kombe.

Simu ikalia.

"Kaka Shee, mjomba anagonga mashua gani?"

Nikamtazama mjomba.

"Mashua aliishusha majini mwezi uliopita. Mama mwenyewe aliniambia. Akasema sasa uani kumetulia, analala vizuri. Anagonga ipi?"

"Lali, sikiza..."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Jana?"

"Ile ya nyuma."

Nilimsikia anahesabu kwa pumzi.

"Siku nane. Siku nane, kaka, kila sijida namwombea apone kikohozi. Mama yuko kaburini anangoja mwanawe amwombee rehema, mimi naomba kikohozi."

Mjomba alinyoosha mkono apewe simu. Lali akasema, "Chumvi zako zote nilizipenda, kaka. Hii hapana." Akakata.

Leo ni mchezaji wa kulipwa hasa. Anazunguka nchi za watu, jina lake naliona linapanda kwenye orodha. Mjomba anampigia. Mimi ujumbe wangu anausoma, hajibu. Abiria akiniambia, "Shee, mtu wenu kashinda tena!" nasema alhamdulillahi, naongeza mwendo.

Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, akaniandikia: "Nitumie zote alizosema ufute."

Nilituma zote. Za kikohozi, za nyundo, hata za kugombana na mjomba. Zilimchukua siku mbili kuzisikiliza. Halafu akaandika: "Mjomba akianza mashua nyingine, nirekodie anavyogonga."

Tangu msiba mjomba hakuwa ameshika nyundo. Nikamwambia, gonga tu ubao wowote, mjomba, dakika moja inatosha.

Akaniangalia mpaka nikaona haya. "Umeanza tena? Mtoto kaomba mashua. Ngoja kuwe na mashua."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: tulidhani tunambebea Lali mzigo, kumbe tulimnyang'anya. Ule msiba ulikuwa wake kabla haujawa wetu, na sala za siku zile nane hakuna wa kumrudishia. Desturi ya kumtafutia mtu wa kukaa naye ni nzuri, siipingi. Lakini mtu asipopatikana leo, aambiwe leo.

Mlio mbali na kwenu, niambieni bila kunionea haya: mngetaka kuambiwa mkiwa peke yenu? Na aliyewahi kufichwa, alimsameheje aliyemficha? Matusi pia nitayasoma.

Jana mbao zimeshushwa uani. Simu nimeichaji.