Siku Niliyochagua Chuo Redioni

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa mkono wangu mwenyewe pale steshenari siku ya kujaza maombi ya chuo. Fomu iliuliza namba ya simu, nikaandika ya baba. Yeye ndiye aliyetaka hivyo. Alisema mimi nabadilisha laini kama nguo, wakati namba yake ni ileile tangu aanze kazi. Ni kweli. Ila baba yangu ni dereva wa watalii. Nusu ya mwezi yuko chini kwenye kreta ya Ngorongoro au kule mbugani Ndutu, simu imezimwa kwenye kisanduku cha gari, maana kampuni haitaki dereva ashike simu wageni wakiwa ndani. Sisi watu wa Karatu tunalijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado nikaandika.

Matokeo ya udahili yalipotoka, nilikuwa nimechaguliwa vyuo viwili, vyote kwa shahada ya kompyuta. Kimoja Arusha, kingine Mbeya. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, mfumo unakutumia namba ya siri kwa meseji, nawe unaiingiza kwenye akaunti ya chuo unachokitaka. Usipothibitisha kabla dirisha halijafungwa, vyote viwili vimekuponyoka, unakaa nyumbani mwaka mzima. Meseji ilitumwa, sawa. Ikaenda kwenye simu iliyozimwa.

Tangu nijaze maombi, kabla baba hajaondoka safari hii, alikuwa anataka Arusha. Hakunilazimisha, na heri angenilazimisha, ningegombana naye tukamaliza. Alikuwa ananiuliza kwa upole tu, huku akivua viatu, "Shangazi yako ameshakutengea chumba. Ijumaa unapanda gari, jioni uko hapa. Au unaonaje?" Kaka yangu alikwenda kusoma mbali, akapata kazi hukohuko, na zilikuwa zimepita Krismasi tatu hatujamwona. Baba hakulitaja hilo hata mara moja. Mimi nilikuwa nalisikia kila alipotamka Ijumaa.

Na mimi nilitaka Mbeya. Nilichapisha orodha ya masomo ya vyuo vyote viwili nikailaza mezani, nikapitia mstari kwa mstari kwa kalamu. Cha Arusha kilikuwa na mengi ya mifumo ya ofisi na biashara, kitu cha maana, sikibezi. Cha Mbeya kilikuwa na hisabati mpaka basi, na somo zima la jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi kwa ndani, na mwaka wa mwisho unaunda kitu chako kuanzia mwanzo. Nilipoisoma orodha yake nikasikia njaa ya kusoma. Lakini baba akiuliza, nilijibu, "Bado naangalia, baba." Uoga mtupu.

Siku ya mwisho ya kuthibitisha ilinikuta sina namba. Nilimpigia tangu asubuhi, hapatikani. Saa nane mchana nikasema potelea mbali, nikatembea mpaka yadi ya kampuni yao, kwenye ile barabara kubwa ya kwenda geti la hifadhi. Ofisini alikuwa mama mmoja anayeshughulika na redio, ile ya kuongea na magari yaliyoko porini. Nikamwamkia, nikamweleza. Akanitazama kana kwamba nimemwaga maziwa kwenye karatasi zake.

"Namba ya dereva kwenye fomu ya chuo! Jamani, watoto mna akili gani?"

"Nisaidie tu, mama."

"Kaa hapo. Anapanda kutoka kreta saa tisa, halafu anaelekea Ndutu. Akishavuka ukingo huko, hata redio haimpati."

Nikakaa. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake na nilishindwa kutazama kitu kingine. Redio ilikuwa inaongea muda wote: madereva wanaambiana wanyama walipo, kwa majina yao ya kazini ili wageni wasijue wanapelekwa kuona nini. Mwenye sharubu yuko mtoni. Madoa kapanda mti. Yule mama akaniambia, labda kunipunguzia hofu, kwamba dereva anaweza kukunyima kila kitu, lakini kwenye redio hadanganyi. Aliyewahi kutangaza simba ambaye hayupo, akiita siku nyingine, hakuna anayemjibu.

Saa tisa na dakika kumi sauti ya baba ikaingia. Mama akamwambia asimame, awashe simu, asome meseji. Tukangoja. Simu yangu ikaita, ni yeye, ikakatika kabla hajasema halo. Ikaita tena, ikakatika. Mtandao wa ukingoni ni wa kubahatisha.

"Basi namsomea hapahapa," baba akasema redioni. "Mwanangu, andika."

Mama akanisogezea kile kipaza sauti, akanionyesha pa kubonyeza.

Baba akasoma herufi tatu na tarakimu tatu, polepole, nikaziandika kiganjani. Kisha akauliza, "Sasa umechagua kipi?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba redio yote imenyamaza. Hakuna sharubu, hakuna madoa. Kila gari lililokuwa Ngorongoro lilikuwa linanisikiliza mimi. Nikafungua mdomo nikijua kabisa ninachotaka kusema, na kilichotoka kikawa, "Arusha, baba."

"Arusha!" Alicheka. Sijui kama nimewahi kumsikia baba akicheka vile. "Mmesikia, wenzangu? Kompyuta, na anabaki hapahapa Arusha!"

Wakamshangilia. Mmoja akasema hongera mzee, mwingine akadai soda, mwingine akasema sasa simu zetu zote zitatengenezwa bure. Mimi nimeshika kiganja chenye ile namba, machozi yananitoka. Mama wa redio alikuwa ananitazama usoni.

"Mbona unalia?"

"Nimemdanganya."

"Kwenye redio?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Basi harakisha. Sasa hivi atavuka."

Ningeweza kuondoka. Namba ninayo, ningeingia kwenye akaunti ya Mbeya nikiwa njiani, baba akarudi akakuta mambo yamekwisha. Nilisimama kabisa nikafika mlangoni. Halafu nikaona aibu. Nikarudi, nikabonyeza.

"Baba. Baba, unanisoma?"

"Nakusoma."

"Si Arusha. Ni Mbeya. Nilisema Arusha kwa kuwa nilikuogopa."

Wale waliokuwa wanadai soda hakuna hata mmoja aliyekohoa. Niliona mshale wa sekunde ukizunguka raundi nzima, nikasema moyoni, tayari, ameshavuka, na nimemwaibisha mbele ya watu aliokula nao vumbi maisha yake yote.

Kisha redio ikakwaruza.

"Mbeya," akasema. Sauti ilikuwa mbali, inakatikakatika. "Wewe ndiye utakayesoma?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ile namba nimekupa wewe. Sijawapa Arusha. Ithibitishe kabla hawajafunga, mimi nina wageni." Na akapotea.

Nilithibitisha nikiwa nimesimama palepale, mama wa redio akinisomea kiganja kwa sababu macho yangu yalikuwa hayaoni. Mara ya kwanza ukurasa uligoma kufunguka. Ya pili pia. Ya tatu ukakubali, ukaniandikia hongera, nikakaa chini sakafuni.

Baba alirudi baada ya siku tano. Alinawa, akala, akaniuliza kama nina sweta, kwa kuwa amesikia Mbeya kuna baridi kuliko hata kwetu. Na mimi nimekwenda chuo, nimerudi likizo, nimekwenda tena, na msamaha wa kumdanganya redioni sijauomba. Kila nikitaka kuanza, anauliza habari za masomo.

Likizo iliyopita nilimpelekea chakula pale yadi. Alikuwa anaosha gari, mlango uko wazi, redio inasikika. Mtu akaita, "Baba Arusha, Baba Arusha, uko wapi?" Wengine wakacheka. Nikadhani ni dereva mwingine. Baba akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua kipaza sauti, akaitika.