Bendera ya Mwingereza Uani Kwetu

Siku moja kila mwaka baba yangu hupandisha bendera ya Mwingereza uani kwetu, hapa Manga. Si ya Kenya, la. Ile ya mkoloni, yenye misalaba, iliyochakaa hata panya wameila pembe. Vijana wa boda boda wakipita humpigia kelele, "Mzee, Mzungu alishaenda!" Naye huwapungia mkono kana kwamba amesalimiwa.

Mimi sikuizoea kamwe. Nafundisha historia kule Sironga. Nawaeleza watoto wa watu jinsi bendera hiyo ilivyoingia kwetu kwa bunduki, kisha narudi nyumbani naikuta inapepea juu ya kabichi zangu. Aibu iliyoje! Nilipokuwa msichana nilimwuliza Tata, maana ndivyo tunavyomwita baba, akanijibu, "Ni ya kaka yangu," akaenda zake kuchuma chai. Nilichojua ni kwamba baba mkubwa alipelekwa vita vya Wazungu na hakurudi.

Mwaka huu watu wa Ogembo wakatuma neno kwamba wanakuja kumposa binti yangu. Sisi ni Wasabato, Jumamosi huwa kanisani, kwa hiyo wakachagua Jumapili. Kutazama kalenda, kumbe ndiyo siku ya bendera.

"Tata, mwaka huu hapana," nikamwambia. "Ng'ombe wa hao watu walichukuliwa wote na Wazungu, na nyanya ya kijana husimulia kama ni jana. Wakiiona watageuza gari."

Binti yangu alikuwa ameinama anamenya ndizi, machozi yanamdondoka. Miaka mitano amemngoja kijana huyo amalize masomo. Tata alimtazama, akasema, "Waje tu."

Jumapili asubuhi natoka nje, naikuta iko juu.

Wageni walipofika, nyanya yule alishuka na mkongojo wake, akainua macho, akasimama palepale langoni. "Mimi siingii boma la Mwingereza," akasema. Wenzake wote wakakwama nyuma yake. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nikauendea mlingoti nikaanza kufungua kamba.

"Ngoja," Tata akasema. "Nimwambie kwanza."

Akaenda hadi langoni, akavua kofia, akaongea na yule nyanya kwa Ekegusii, lugha yetu, polepole. Yeye Tata alikuwa mtoto mdogo, ameshika leso ya mama yake, siku karani alipoleta barua ya kifo cha kaka yake pamoja na bendera hiyo. Mwili haukuja. Wazee wakasema lizikwe shina la mgomba badala yake, kama ifanywavyo mtu akipotelea mbali. Nyanya yangu, mama yake Tata, akakataa katakata. "Mtoto wangu si mgomba!" Akaitundika bendera juu ya mti, ili mwanawe akiwa anatafuta njia huko bondeni aione, ajue nyumbani ni wapi. Kila mwaka, siku ileile ya barua, mpaka alipofariki. Alipokuwa anakata roho akamwachia Tata kazi hiyo.

Miaka yote hiyo, na mimi mwalimu wa historia sikuwahi kumwuliza mara ya pili. Niliona haya, nikaiachia kamba.

Nyanya wa Ogembo akaja juu. "Na mmemwacha mtoto wa watu apigwe na upepo miaka yote hii? Kwani hamna shamba? Mshusheni! Mzikeni!"

Tata akalia mbele ya wakwe, bila kujificha. Kisha akamwambia kaka yangu alete jembe.

Tulichimba kando ya kaburi la nyanya yangu, chakula kikipoa. Hatimaye tulikata shina la mgomba, tukalivika ile bendera, tukalilaza. Mzee wa kanisa hakuwepo, mchungaji hakuwepo, tuliomba wenyewe. Tata akatupa udongo. "Umefika, kaka," akasema.

Yule nyanya wa Ogembo naye akainama kwa shida, akachota udongo mkono mzima. Hakumtazama Tata. Aliitazama bendera. "Na wewe," akaiambia, "usitoke tena." Akautupa kwa nguvu.

Kisha akajipangusa mikono kwenye leso na kugeuka kutafuta mlango wa jikoni. "Haya," akasema, "bibi arusi wetu yuko wapi?"