Mlango Niliousugua kwa Mviringo

Pikapu ya baba ilikuwa na milango ya stenlesi, chuma kile kile cha sinki na sufuria kubwa za hoteli. Haikutoka kiwandani hivyo. Milango yake ya kwanza ililiwa na kutu miaka ile alipokuwa akibeba ngozi zilizotiwa chumvi kutoka Merti, ndipo fundi mmoja wa bodi za magari akamkatia mabati ya stenlesi na kuyafunga juu yake. Chuma hicho hakikung'aa kama kioo. Kilikuwa na mistari myembamba mno, maelfu kwa maelfu, yote imelala kutoka mbele kwenda nyuma kama nywele zilizochanwa.

Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri, baba aliifuta milango ile kwa kitambaa. Mkono ulitoka mbele ukaenda nyuma. Ukifika mwisho aliuinua, akaurudisha hewani, akaanza tena. Hakuzungusha kitambaa hata mara moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ndivyo inavyofutwa.

Kwa mtu mwenye digrii ya sosholojia, jibu kama hilo ni uchokozi. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kiwanjani, mjini Isiolo, mwaka mmoja kabla, sina kazi, nina maoni. Nilikuwa nimeshahoji kwa nini chai inywewe ya moto jua likiwa utosini, na kwa nini mgeni apewe kipande cha nyama nilichokuwa nimekilenga. Kuhusu milango nilikuwa na nadharia kamili: babu yake baba aliletwa huku kama askari wa wakoloni, na baba amerithi nidhamu ya kung'arisha vifungo bila kujua kuwa vifungo vyenyewe havipo tena. Nilimweleza dada yangu nadharia hiyo kwa muda mrefu. Aliniambia nisogee, ninamzibia jiko.

Dada alikuwa anaolewa Ijumaa na mwalimu wa Kulamawe. Kisukari kilikuwa kimeshika macho ya baba na alikuwa hajaendesha gari kwa miaka miwili. Sasa dada alikuwa na ombi moja tu: aondoke nyumbani ndani ya pikapu ile, baba akiwa kando yake. Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba ambaye kwa Kisomali tunamwita Eedo, hakutaka kusikia. Familia ya bwana harusi inaleta magari meupe yenye maua, sisi tumtoe bibi harusi kwenye gari la ngozi? Isitoshe, mkokoteni wa punda wa kuuza maji ulikuwa umeukwaruza mlango wa kushoto, alama ndefu ambayo hata Eedo aliiona bila miwani. Wakabishana siku mbili. Mwishowe Eedo akatoa sharti: mkwaruzo huo ukitoka kabla ya Alhamisi jioni, dada ataondoka anavyotaka.

"Nitautoa," nikasema. Hakuna aliyeniuliza.

Dada aliniangalia kama mtu anayetazama daktari akishika kisu kwa mkono asiouzoea. "Kaka, mwulize baba kwanza."

Sikumwuliza. Jumanne baba alipokwenda msikitini nilichukua waya wa kusugulia sufuria nikakaa mbele ya mlango. Sasa ningejua ukweli. Nilisugua kwa mviringo, kwa makusudi, jinsi watu wote wenye akili wanavyosugua sufuria. Mkwaruzo ulianza kufifia. Nikaongeza nguvu. Baada ya saa moja mkwaruzo haukuwepo tena na mimi nilijiona kama mtu aliyeukomboa ukoo wake.

Kisha nikarudi nyuma hatua kumi. Katikati ya mlango palikuwa na duara la ukubwa wa sinia, linalong'aa kivyake. Ukisogea kulia linang'aa, ukisogea kushoto linageuka jeusi. Eedo alipita, akainama, akaona meno yake ndani ya duara. Akayahesabu, akaenda zake.

Nilijipa moyo kwamba maji yatasaidia, nikauosha mlango wote. Jumatano asubuhi duara lilikuwa limetoa madoadoa ya kahawia. Chembe za ule waya zilikuwa zimebaki juu ya chuma na kuanza kuota kutu. Nimesomeshwa miaka minne, na nimefaulu kukitia kutu chuma kisichoshika kutu.

Dada alikuja akayaona. Hakulia wala hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ninajua ni siku ngapi zimebaki, na aliniuliza polepole, nikatamani angenitukana.

Baba alipotoka nje, alipitisha kiganja mlangoni kama alivyozoea. Duara hakuliona. Lakini mkono wake ulipofika pale uliteleza kama umekanyaga sabuni, ukasimama.

"Nani ametoboa jicho hapa?"

"Ni mimi."

"Ulizungusha."

"Nilikuwa najaribu kuona kama kuna tofauti."

"Na iko?"

"Iko," nikasema.

Akavuta kiti cha plastiki akakaa. Alinieleza, bila haraka, kwamba mistari ikilala njia moja mwanga unaifuata na jicho linapita bila kukwama. Ikigeuka mahali pamoja tu, jicho linasimama hapo hapo. Ndiyo maana hufuti kwa mviringo: hata vumbi la Isiolo ni msasa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hayo tangu mwanzo.

"Uliuliza," akasema. "Halafu ukajijibu mwenyewe."

Duara halikuweza kutiwa kiraka. Mlango mzima ulipaswa kuchanwa upya, ukingo hadi ukingo. Akanituma msasa mpya wa aina mbili, wa kukwaruza na laini, ambao haujawahi kugusa chuma kingine, nikauzungusha kwenye kipande cha mbao. Ubao mrefu ulionyooka tuliufunga mlangoni kwa kamba, uwe reli ya mkono wangu. Sharti lilikuwa moja: mkono ukianza safari usisimame njiani. Inua, rudi mbele, anza tena.

Alhamisi nilifanya hivyo tangu asubuhi. Kwanza msasa wa kukwaruza, mpaka duara na kutu vikaisha, kisha ule laini. Baba alikaa amenipa mgongo, akisikiliza. Sauti ilipokatika alisema, "Umesimama." Kila nilipopata swali zuri, mkono ulisimama wenyewe. Sikujua kwamba nina maswali mengi kiasi hicho. Kufikia alasiri bega lilikuwa limekufa ganzi na kichwani hamkuwa na nadharia hata moja, jambo ambalo dada, akiniletea chai, alisema lingepaswa kufanywa mapema.

Jioni Eedo alikuja na miwani. Akainama, akatafuta meno yake, hakuyapata. Akatembea kutoka taa za mbele hadi nyuma, macho mlangoni, hakusimama popote.

"Haya," akasema. "Lakini maua yatafungwa."

Ijumaa mchana dada alitoka akiwa na hina hadi viwiko. Baba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, alitangulia akapitisha kiganja mlangoni. Karibu na kishikio mkono wake ukasita.

"Hapa ulisimama kufikiria."

"Kidogo tu," nikasema.

Akamfungulia dada mlango. "Panda, mama." Kisha akapanda kando yake, na mimi nikazunguka kwenye usukani. Magari meupe yalikuwa yakisubiri barabarani, na tuliyapita baba ametoa mkono dirishani, kiganja kimelala juu ya chuma.

Sikuuliza kitu mpaka lami ilipoisha. Hapo nikauliza kwa nini tunakwenda polepole hivi. Dada akanikumbusha kwamba anayeendesha ni mimi.