Siku Niliyomwona Mwenye Maji

Nilipokuwa mtoto, maji yetu yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa chatu. Alikaa juu ya chemchemi ya bondeni nyuma ya soko la Kalerwe, katika majani marefu pale bomba la chuma lilipotokeza ukutani. Sikuwahi kukutana na mtu aliyemwona kwa macho yake, ila kila mtu alimjua mtu aliyemwona. Majirani zetu Waganda walimwita musambwa, pepo mlinzi wa mahali. Sharti lake lilikuwa moja: akijitokeza, watu waache maji waende zao, mpaka bibi mmoja wa pale mtaani aje kumtupia mbegu za kahawa kama sadaka na usiku mmoja upite.

Sisi tulikuwa wakimbizi kutoka Bukavu. Koko, nyanya yangu mzaa mama, alikuwa Mkatoliki wa misa ya alfajiri, na bado alimheshimu chatu yule kuliko alivyomheshimu mwenye nyumba wetu. Nilipomuuliza inakuwaje, alinijibu bila hata kuinua uso kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

"Mayi yote iko na mwenyewe. Hata kule kwetu." Kisha akaongeza, "Lakini usimuite kama haukumuona. Ukimuita bure, atakuja kweli. Na hatakuja kwako. Ataenda kwa mutu mwenye unapenda."

Nililiweka onyo lile pamoja na maonyo yake mengine mia, kama lile la kutopiga mluzi ndani ya nyumba.

Nilikuwa na miaka kumi mabomba ya mtaa yalipokauka. Barabara ilikuwa ikichimbwa, bomba kubwa likakatwa, na kwa siku kadhaa bomba letu la pale kwenye kona likawa linatoa hewa tu. Mtaa mzima ukateremkia chemchemini. Katika siku hizo mdogo wangu Furaha, wa miaka miwili, akaanza kuharisha na kutapika. Mama alikuwa sokoni Nakasero akiuza vitenge vyake. Kliniki walikuwa wametupa pakiti ya chumvi ya kuchanganya na lita moja ya maji yaliyochemshwa. Pakiti tulikuwa nayo. Maji ndiyo hatukuwa nayo, hata kikombe.

Koko alimfinya Furaha ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama. Sikujua maana yake, lakini niliuona uso wa Koko.

"Kimbia," aliniambia. "Usirudi na bidoni mutupu."

Bidoni, madumu yale ya manjano ya kutekea maji, zilikuwa zimepangwa kutoka kwenye bomba la chemchemi mpaka juu njiani. Ilikuwa kiangazi, na maji yenyewe yalitoka membamba, unene wa kidole cha mtoto. Huko mbele, akiwa wa nne au wa tano, alisimama Hadija, jirani yetu, binti wa Kinubi wa rika langu, rafiki niliyegawana naye kila kitu isipokuwa dini. Aliniona akanipungia mkono.

"Riziki, kuja hapa. Weka yako na yangu."

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaisukuma bidoni yangu kwa mguu. "Wewe mutoto, rudi nyuma. Hapa kila mtu iko na haraka."

"Ndugu yangu anakufa," nikasema.

"Wangu pia ni mgonjwa," akajibu, na sikusikia ubaya wowote katika sauti yake. Hadija alijaribu kunitetea, wakamwambia kwamba akitaka anaweza kurudi nyuma pamoja nami.

Nikarudi mkiani mwa foleni. Nilihesabu bidoni zilizokuwa mbele yangu, nikatazama maji, nikatazama jua. Nilikuwa naiona ngozi ya tumbo la Furaha ikiwa imesimama vile. Sikupanga nilichofanya, au huwa najidanganya kwamba sikupanga. Nilitembea mpaka karibu na bomba, nikayakazia macho majani ya juu ya ukuta, nikarudi nyuma hatua mbili.

"Iko pale," nikasema.

Nilisema kwa sauti ndogo, na nadhani udogo wa sauti ndio uliowaaminisha. Hakuna aliyeuliza ni nini kiko pale. Yule mama wa mtoto mgongoni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. Waliokuwa wamekwisha kuteka waliyamwaga maji yao palepale, kwa sababu maji ya saa ile hayapelekwi nyumbani, na nikaona bidoni nzima nzima zikimwagwa ardhini na watu waliozisubiri tangu asubuhi. Hadija alinishika mkono tukakimbia pamoja mpaka kwenye migomba. Pale nikamwambia atangulie, mimi nitapitia sokoni. Nikasubiri mgongo wake upotee, nikarudi.

Sijawahi kuogopa tena kama nilivyoogopa pale. Lita tano kwa bomba lile ni muda mrefu mno. Majani yalitikisika, nami nikawa nasema peke yangu, "Ni ya Furaha, ni ya Furaha tu," huku nikiishika bidoni kwa mikono miwili. Haikujaa. Robo tatu niliona inatosha, nikapanda kilima mbio.

"Batu iko wapi?" Koko akauliza alipoona nimerudi upesi.

"Wameondoka. Mwenye maji ameonekana."

"Nani alimuona?"

"Watu," nikasema, nikitazama makaa kwenye jiko.

Koko aliitazama bidoni, ambayo kwa sharti aliloliheshimu yeye mwenyewe ilipasa kumwagwa. Akamtazama Furaha. Kisha akatia maji kwenye sufuria, akaibandika jikoni, na hakuniuliza tena, siku ile wala siku nyingine yoyote. Tulimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Jioni alimkojolea Koko mapajani, na Koko akapiga ishara ya msalaba kwa furaha.

Ningependa kuishia hapo. Lakini watu niliowafukuza walikuwa na kiu ileile, wakaenda kuteka penye maji mengine: kidimbwi cha kinamasini, katikati ya magimbi, chini ya vyoo vya mtaa. Wenye makaa walichemsha; wasio nayo wakanywa hivyohivyo. Baada ya siku mbili Hadija alipakiwa kwenye boda boda, amelegea kati ya dereva na mama yake, akapelekwa hospitali. Nyumba nyingine tatu nazo zilikuwa na wagonjwa.

Mtaa ukasema mwenye maji amekasirika. Na mimi nikawa mtu mkubwa. Akina mama waliniita barazani, wakanipa andazi, wakataka kujua alikuwa na rangi gani. Nikasema mweusi mwenye madoa. Andazi nililila lote, na ndicho kitu ninachojichukia kwacho zaidi katika habari hii yote.

Usiku nililala nikimwomba Mungu, na kisha, kwa tahadhari, nikimwomba na chatu. Hadija alirudi baada ya wiki moja na siku kadhaa, shingo imekuwa nyembamba. Alicheza nami kama zamani, ila hakukubali tena kwenda chemchemini nami. Nikadhani anaogopa nyoka.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka ishirini na zaidi. Hadija sasa ana duka la kushona Ntinda, na mwaka jana, nilipokuwa nimekaa hapo nikisubiri gauni langu, binti yake mdogo, aliyekwisha kusimuliwa kisa kile, aliniuliza, "Anti, macho ya yule nyoka yalikuwa vipi?" Sikuweza kumdanganya na yeye. Nikamwomba Hadija amtume mtoto nje, nikamwambia yote.

Hakusimamisha cherehani. "Najua," akasema. "Nilirudi kukutafuta. Nilifikiri amekukamata. Nikakuona umeinama unateka."

"Mbona hukusema?"

"Wale wamama walikuwa wanaenda kukuua. Na kama nilisema maji iko sawa, wangeuliza nimejua vipi."

"Kwa hiyo ukanywa ya kinamasini."

"Nilikuwa na kiu, Riziki. Na Furaha alikuwa mgonjwa."

Furaha sasa ana ndevu na watoto wawili, na nikimtazama siwezi kuapa kwamba nisingesema tena yale maneno mawili. Onyo la Koko lilitimia kama alivyolisema. Mwenyewe alikuja kweli, akaenda kwa mtu niliyempenda, na sihitaji tena kujua kama ana magamba. Nilichokuwa sijui ni kwamba Hadija alimwona akija, akamjua kwamba ni mimi, akanyamaza. Miaka yote ile nilidhani siri ile naibeba peke yangu, kumbe mtoto wa miaka kumi alikuwa amekwisha kuibeba, na akainywa.