Maji ya Kisima Kwenye Makaa ya Mawe

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya kupima makaa ya mawe, enzi za Mwingereza, walikuwapo watatu: Bwana Mkemia, mkuu wetu, Mzee Abdala, msaidizi wake, na Yohana, karani. Mie nilikuwa wa nne. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, wazazi walipofariki, na nyumbani Tandale wadogo zangu wawili walinitegemea.

Nyie vijana mna mashine. Sie tulitwanga makaa kwa mchi, tukayachekecha, kisha tukayamwaga kwenye kimiminika kizito. Vipande vya mwamba vilizama, makaa yakaelea.

"Sasa ni safi," nikasema.

"Safi kama wewe?" Mzee Abdala akacheka. "Yapo madini yaliyoshikamana na makaa yenyewe, tangu makaa yalipokuwa bado miti. Hayo huyaoni, wala hayazami. Tunayatoa kwa tindikali hafifu, ndipo tunayapima."

Kabla ya tindikali, makaa yalisuuzwa kwa maji ya kukeneka, yaani mvuke uliopozwa, usio na chumvi. Mwaka wangu wa pili maji hayo yakaniishia. Nikachota ya kisima, yale ya Tandale tuliyoyanywa huku tumekunja uso kwa chumvi yake. Nilidhani maji ni maji.

Chokaa, mojawapo ya madini tuliyoyapima, ikatoka nyingi ajabu. Bwana Mkemia akafurahi, akidhani amegundua jambo jipya, akamwagiza Yohana aandike ripoti. Mie nikakumbuka kile kisima, nikakosa raha. Nikisema, nitafukuzwa, na wadogo zangu watakula nini? Asubuhi nikamwendea.

"Bwana, ile chokaa ni ya kisima. Makaa yameinyonya."

Akaitazama kalenda ukutani. "Ripoti inaondoka keshokutwa. Rudia yote. Ndipo nitajua kama nikubakize."

Kazi ile ilitaka watu wawili, na kesho yake ilikuwa Idi. Nilipofika nikamkuta Mzee Abdala mlangoni na kanzu mpya, ametoka kuswali.

"Shikamoo, Mzee. Si leo sikukuu yako?"

"Marahaba. Pilau litanisubiri. Shika mchi, mharibifu wewe! Krismasi utanilipa."

Tulifanya kazi mpaka jua likazama. Chokaa ikashuka, ikabaki kidogo tu. Bwana Mkemia akalinganisha, akaichana ripoti ya kwanza.

"Endelea na kazi," akasema.

Nikaendelea mpaka nikastaafu, na wadogo zangu wote wakasoma.

Kila Krismasi nilimwuliza Mzee nimfanyie kazi gani. "Maabara imefungwa," alijibu, "nenda ukale." Sasa ametangulia, Mungu amrehemu. Kila Idi nakwenda kwake, wajukuu zake wananipakulia pilau, nami nakula nikishukuru. Lakini Idi yake ile moja bado sijamrudishia.